Mkeka Ambao Manogi Hakuufunua

Ukimpa Manogi majani ya mkadi yaliyochanwa membamba, atakurudishia. Atakusukia pakacha la kubebea magimbi, atakusukia mkeka wa kulalia au wa kuanikia kakao, na upande huu wote wa kisiwa chetu cha Savai'i hakuna anayemfikia. Lakini mkeka mwororo, ule wa manyoya mekundu ukingoni, ule unaotolewa harusini na mazikoni, hasuki. Sisi wanawake wa kamati ya kijiji tulikuwa tukikaa sakafuni pamoja tangu Jumatatu hadi Alhamisi, tukisuka na kusengenya kwa kasi ileile, na miaka yote hiyo wenzangu walimcheka.

"Manogi wewe, vidole unavyo," Losa alikuwa akimwambia. Losa ni jirani yake na mdomo wake haujui kupumzika. "Kimekosekana nini, macho?"

"Uvivu tu, dada," Manogi alikuwa akijibu, na kuendelea na pakacha lake.

Mimi wakati huo nilikuwa nikiinamisha kichwa. Naitwa Fuatino, nina miaka hamsini na minne, na katika wanawake wale wote mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilijua nikanyamaza miaka thelathini na minane. Siandiki haya kwa sababu nimekuwa mtu mwema, maana sijawa. Naandika kwa sababu Manogi ameniambia niandike, na mimi si mtu wa kumkatalia tena.

Mwaka wa themanini na nne yeye alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi kumi na sita, na sote wawili tulipelekwa kuishi kwa Mchungaji Ierome. Ilikuwa bahati kubwa. Kila ukoo ulitamani binti yao afue nguo za mchungaji, kwa kuwa huko angejifunza kusoma vizuri, kupiga kinanda na kusema mbele ya wakubwa. Mama yake Manogi, Siliva, mwanamke mdogo wa umbo aliyezoea kuziba mdomo akicheka, alilia kwa furaha siku aliyomfikisha mlangoni.

Kwetu mchungaji amepewa heshima ya dada. Mtu hampandishii dada yake sauti, hali kabla dada hajala, na dada akiingia yeye husogea. Dini ilipokuja, wazee wetu walimchukua mchungaji wakamkalisha kwenye kiti hicho. Nimekifikiria sana kiti hicho. Nimefikiria pia kwamba dada za watu walikuwa jikoni kwake wakikuna nazi.

Jumamosi moja, mchana kweupe, nilikuwa nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, natayarisha chakula cha Jumapili. Nyuma ya jiko palikuwa na chumba cha kuwekea vitabu vya nyimbo, mlango wake umepakwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa. Mchungaji alimwita Manogi akamsaidie kuhesabu vitabu. Wakaingia. Nikasikia komeo. Lilikuwa la chuma, limeshika kutu. Lilikwama, likasukumwa mara ya pili. Vitabu havihesabiwi kwa komeo, hilo nililijua hata kwa umri ule. Halafu nikasikia Manogi akiniita kwa jina, mara moja tu.

Niliendelea kukuna. Nilikuna hadi nikafika kwenye kifuu, nikakikuna na kifuu chenyewe, na tui la Jumapili ile lilikuwa na rangi ya udongo. Mama mchungaji alinigombeza kwa hilo. Manogi alipotoka alinipita kama mtu anayempita asiyemjua, akaenda kwenye pipa la maji ya mvua, akajimwagia na nguo zake mwilini. Baada ya hapo komeo lile nililisikia Jumamosi tatu nyingine.

Alimwambia mama yake. Siliva, badala ya kumpiga kama wengi wangefanya, alikwenda kwenye kamati ya wanawake, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Kamati ikapeleka habari kwenye baraza la wakuu wa koo. Baraza likaniita mimi.

Asubuhi ile mama yangu alikaa nyuma yangu kunichana nywele. Alichana taratibu sana.

"Wenzako wakifukuzwa kijijini, wana ndugu zao kisiwani Upolu," alisema. "Sisi tukifukuzwa, mwanangu, tutalala wapi?"

Barazani nilikaa sakafuni miguu nimeikunja, na mkuu wa baraza akaniuliza kwa upole.

"Fuatino, mwanangu, siku anazozitaja huyu mwenzio, wewe ulikuwa jikoni. Umeona nini?"

"Sikuwa jikoni, baba. Nilikuwa kisimani nafua."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

Manogi alikuwa amekaa ng'ambo, kando ya mama yake. Hakulia. Aliniangalia tu, kwa mshangao wa mtu aliyekosea nyumba.

Baraza likasema Siliva na bintiye wamemvunjia heshima mtumishi wa Mungu. Wakaambiwa wachague moja kati ya mawili: ukoo wao wote uhame, au wakaombe radhi kwa desturi. Na hapo mjomba wake Manogi, Tavita, mkuu wa ukoo wao, akaamua jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natamani kuvunja kitu.

Kwetu mtu akiua, au akimwaga aibu kubwa juu ya nyumba ya wenzake, ukoo wake huamka alfajiri, huenda kupiga magoti mbele ya nyumba ile, wamejifunika mkeka mwororo ulio bora kuliko yote waliyo nayo. Mikononi wanashika kuni na mawe ya tanuri, maana yake mkitaka kutuoka, tuokeni. Wanakaa hivyo mpaka aliyekosewa atoke. Akiufunua mkeka, yamekwisha, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuyataja tena. Wenye kosa ndio wanaojifunika. Hata mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo.

Waliojifunika alfajiri ile ni kina Manogi.

Walikuwa watu kumi na mmoja. Mkeka ulisukwa na bibi mzaa bibi yake, mwororo kama kitambaa, na pembe moja panya walikuwa wameitafuna, Siliva akaishona kwa uzi wa manjano. Sisi wengine tulisimama barabarani kutazama. Nilimsikia Manogi akisema, "Nainama kwa kosa gani, mjomba?" Na Tavita, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimjibu kwa sauti ya kukatika, "Inama kwa ajili ya mama yako. Ni asubuhi moja tu, mwanangu, kisha maisha yanaendelea."

Mchungaji aliwaacha pale mpaka jua likapanda juu ya paa la kanisa. Ndipo akatoka, nguo nyeupe, akaufunua mkeka polepole, akawaambia wote kwamba amewasamehe. Watu walilia, wakakumbatiana, wakaimba. Ukoo wa Manogi ukatoa nguruwe wawili, na mkeka ukabaki kwa mchungaji. Mimi pia nililia, na nyama ile niliila.

Asubuhi moja, alisema mjomba. Mchungaji Ierome alikaa kwetu miaka kumi na moja zaidi, na miaka kumi na moja Manogi aliingia kanisani kila Jumapili, kwa sababu nyumba isiyokwenda kanisani hutozwa faini, akakaa nyuma ya nguzo ili asimwone. Kimbunga cha mwaka tisini kiling'oa jiko la mchungaji na kile chumba cha vitabu. Wakajenga kipya cha matofali, mlango wa kijani. Manogi akapata mume, Pita, mtu wa ng'ambo ya kisiwa, mpole, wakaishi vizuri. Mwaka wa tatu wa ndoa Pita akasikia habari za mkeka. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimwuliza tu, "Kama ni kweli, mbona mlijifunika?" Akachukua panga lake na redio, akarudi kwao.

Siliva alikufa mwaka wa tisini na saba. Karibu na mwisho alimshika bintiye mkono, akamwambia, "Mwanangu, labda tulielewa vibaya." Manogi aliniambia neno hilo juzi tu. Aliniambia lilimuuma kuliko mkeka, kwa sababu hadi siku ile walikuwa wawili, na kuanzia hapo alikuwa mmoja.

Miaka minne iliyopita alikwenda kwa mchungaji wetu wa sasa, kijana, anayevaa miwani ya jua hata mazikoni.

"Mama, msamehe," alimwambia. "Kinyongo kinakula mifupa."

"Nimsamehe? Yeye ndiye aliyenisamehe mimi, baba," Manogi alimjibu. "Kijiji kizima kilikuwepo."

Kijana yule akamwombea, akamkaribisha chai. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge vya usingizi. Halafu Manogi akasikia redioni kuna nyumba mjini Apia ambamo wanawake waliotendwa hivyo husikilizwa. Akasuka pakacha zuri, akalijaza magimbi, akapanda meli. Alipokelewa na mama mmoja anayeitwa Valelia, mnene, mwenye kicheko, ambaye aliacha kucheka Manogi alipoanza kusema. Alimsikiliza saa mbili. Kisha akamwambia, "Nakuamini, dada yangu."

Lingepaswa kutosha, na kwa siku chache Manogi alirudi akitembea wima. Lakini baadaye akanieleza.

"Ananiamini, sawa, na Mungu ambariki. Ila anamwamini kila anayeingia pale, Fuatino, ndiyo kazi yake. Mimi nilitaka mtu aliyekuwepo."

Valelia aliandika barua kwa wakubwa wa kanisa. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, ukurasa mmoja. Walisema suala lile lilimalizwa mwaka 1984 kwa desturi na kwa amani, kwamba ukoo wa mlalamikaji wenyewe ndio ulioomba radhi, na kwamba Mchungaji Ierome, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, anaishi kwa mapumziko Auckland pamoja na wanawe. Kama yupo shahidi, ajitokeze.

Manogi aliileta barua ile kwangu. Alileta na pakacha la mashelisheli, maana hakujua kuja mikono mitupu hata kwa mtu kama mimi. Mume wangu Iakopo alikuwa shemasi, naye alikuwa nyuma ya pazia, kimya, na mimi nilijua yuko. Manogi alinisomea barua mpaka neno la mwisho. Akaikunja.

"Sikulaumu, shoga," alisema. "Ulikuwa mtoto. Nataka useme tu ulichokisikia. Si lazima uende popote. Niambie mimi tu."

"Nilikuwa kisimani, Manogi."

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mama yangu amekufa, hakuna baraza la kunifukuza, na nilisema neno lilelile. Niliogopa nini? Niliogopa pazia. Niliogopa wanawake wa kamati wangeninyang'anya nafasi yangu karibu na dirisha. Andika hivyo, Manogi aliniambia, usijipambe, na nimeandika.

"Haya," alisema. "Samahani kwa usumbufu." Akaondoka, mashelisheli akaniachia.

Mwaka huu mwezi wa pili Iakopo alikufa, na koo zikaleta mikeka. Zilileta sabini na zaidi, na siku ya tatu nikaketi na binti zangu tukiikunjua, kuona upi utatolewa wapi, kama tunavyofanya sote, kwa sababu mkeka mwororo haukai mahali. Unatoka mazikoni huku unaingia harusini kule. Katika fungu lililoletwa na watu wa kwao mama mchungaji wa zamani nilikunjua mmoja, mwororo kama kitambaa, manyoya yamefifia. Pembeni, uzi wa manjano.

Niliukunja haraka, nikaukumbatia. Binti zangu walidhani ni kufiwa.

Niliuweka mkeka ule chini ya kitanda changu wiki sita. Kila nikilala nilikuwa nalala juu yake. Jumatatu moja nikaamka alfajiri, nikachukua kuni tatu na jiwe la tanuri, nikaenda mwisho wa kijiji hadi mbele ya nyumba ya Manogi, nikapiga magoti kwenye kokoto, nikajifunika. Nilikwenda peke yangu. Nilitaka anifunue, nikubali ukweli huo: nilitaka yaishe.

Chini ya mkeka kuna joto na harufu ya majani makavu, na mtu huona tu kipande cha ardhi. Nilisikia mlango. Nikaona miguu yake, vidole vipana, imesimama.

"Nani huyo chini?"

"Ni mimi, Fuatino."

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Nadhani hapo ndipo alipouona uzi wa manjano, kwa sababu nilimsikia akivuta pumzi na kuishikilia. Kisha miguu ikaondoka. Akarudi na ufagio wa chelewa, akaanza kufagia uwanja wake kama asubuhi nyingine zote, akafagia kunizunguka, majani na vumbi vikaja mpaka magotini mwangu. Jua likapanda. Nikasikia watu barabarani wakisimama, na sauti ya Losa ikiuliza kuna nini tena huko.

"Mkeka huo sifunui," Manogi alisema hatimaye. "Nikiufunua yamekwisha, na hakuna mtu atakayeyataja tena. Hiyo ndiyo sheria, sivyo? Mimi nataka yatajwe. Toka mwenyewe."

Sikujua kama inawezekana. Sijawahi kusikia mtu aliyejitoa mwenyewe. Nikaunyanyua mkeka kwa mikono yangu, nikakaa pale nywele zimelowa jasho, na Losa na wenzake wakinitazama.

"Sema," alisema Manogi.

"Sikuwa kisimani."

"Ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilikuwa nakuna nazi. Nilisikia komeo. Nilikusikia ukiniita."

"Sema Losa asikie."

Nikasema tena, kwa sauti ya barabarani. Losa akaja, akanishika bega kwa huruma.

"Fuatino, shoga yangu, kufiwa kumekuvuruga," alisema. "Njoo nikupeleke nyumbani ukalale."

Na hivyo ndivyo kijiji kilivyokubaliana. Mjane amechanganyikiwa, atapona. Barazani hawakuniita. Kwenye kamati nafasi yangu ya dirishani ilichukuliwa na mtu mwingine wiki ileile, bila ugomvi, kwa tabasamu.

Tulikwenda Apia, Manogi na mimi. Niliketi kwenye kiti mbele ya Valelia, uso wazi, nikaeleza yote, naye akaandika, nikatia sahihi kila ukurasa. Barua ikatumwa Jumatano. Baada ya wiki tatu jibu likaja. Mchungaji Ierome alifariki Auckland siku tisa kabla barua yetu haijafika. Kwa kuwa mtuhumiwa hayupo tena kujieleza, kanisa halina la kuendelea nalo, na linatuombea faraja. Tulisikia wenyewe redioni jinsi alivyozikwa, kwaya nne, mikeka mia tatu.

Miaka miwili. Ningalisema siku ile, na pakacha la mashelisheli sakafuni kati yetu, angalikuwa hai, angaliulizwa. Hilo siwezi kulifanyia chochote. Manogi naye hakunifariji, na nilishukuru kwamba hakunifariji.

Mkeka uko kwangu. Yeye hataki kuuona, na mimi siwezi kuupeleka mazikoni ukaanze tena kuzunguka. Utaoza chini ya kitanda changu, na nikifa binti zangu wameshaambiwa wanizike nao.

Manogi naye ameacha kukaa na kamati. Alhamisi jioni anakuja kwangu, anaketi kwenye ngazi, anaomba maji. Wiki iliyopita nilimwuliza kwa nini bado anakuja, nami sikumsaidia lolote.

"Kuna miaka nilianza kuwaamini wao," alisema. "Jiko lilikwishang'olewa. Mama alikwishasema tulielewa vibaya. Nikawa najiambia, labda nilikiota kile chumba. Mlango ulikuwa rangi gani?"

"Buluu."

"Na komeo?"

"La chuma. Lilikwama, likasukumwa mara ya pili."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akanywa maji yake, akarudisha kikombe.

"Basi sikuota," alisema. "Alhamisi nitakuuliza tena."